Leontyne Price: tumusikilize mbele ya kumusifu

Bandugu, ukiandika jina la Leontyne Price kwenye simu, sentensi ya kwanza unapata ni ileile: mwanamke mweusi wa kwanza kuimba Metropolitan Opera ya New York. Inakopiwa, inabandikwa juu ya picha yake, watu wanaweka moyo, wanapita. Shida ni mbili. Ya kwanza, si kweli. Ya pili, ata ingekuwa kweli, haituambii kitu juu ya sauti, na sauti njo kazi yake. Zingine zote ni tarehe.

Tumalize haraka ile ya kwanza. Marian Anderson aliimba Met tarehe 7 mwezi wa kwanza 1955, ndani ya opera ya Verdi yenye kuitwa Un ballo in maschera. Alikuwa na miaka 57, sauti imeshapita wakati wake mzuri, juu mlango ulichelewa sana kufunguliwa. Siku 20 kiisha pale, baritoni Robert McFerrin akafuata. Mattiwilda Dobbs akaingia 1956, Gloria Davy akaimba Aida 1958, Martina Arroyo akaanza na nafasi ndogo 1959. Price anafika tarehe 27 mwezi wa kwanza 1961, miaka sita sawasawa kiisha McFerrin, ata siku ni moja. Kwa hiyo kila mara tunaandika "wa kwanza," tunafuta watu watano kusudi tumupandishe mumoja, na yule mumoja hana haja ya ile zawadi.

Ile yenye alifanya ni ingine, na kwa maoni yangu ni ngumu zaidi. Hakufungua mlango, aliingia akakaa katikati ya nyumba miaka 24, kama mutu mwenye watu wananunua tikiti juu yake. Na alikaa hivyo juu alijua kusema hapana. Minasema ile bila mchezo: ukipanga maisha yake ya kazi kwa kufuata mambo aliyokataa, unaelewa sauti vizuri kuliko ukiipanga kwa kufuata zawadi alizopokea.

Kwa wale wenye hawajazoea opera: ni teatri ambamo karibu kila kitu kinaimbwa, na hakuna mikro. Orkestra nzima iko chini mbele ya jukwaa, ukumbi uko na watu zaidi ya 3,000, na mwanamke anapaswa kusikika mpaka kwa yule alinunua tikiti ya bei ya chini kabisa kule juu. Wale wa korale wanajua: kupiga makelele si kuimba, na makelele haifiki mbali. Sauti inapaswa kukaa juu ya pumzi, sawa mtumbwi juu ya maji.

Sasa, sauti nyingi za soprano zikipanda zinakuwa nyembamba na ngumu. Unasikia mutu anapanda ngazi na mzigo kichwani. Ya Price inafanya kinyume. Chini iko na moshi, siku ingine ata ukungu. Katikati iko na joto, rangi ya kitu kilichokaangwa polepole. Na ikifika juu, kwenye zile noti za la, si bemoli na do, pale njo inafunguka: inakuwa huru, inang'aa, iko na mtetemo wa haraka wenye hautikisi noti bali unaiwasha. Mutu anamusikia mara ya kwanza anaweza kufikiri kuko waimbaji wawili. Verdi aliandika nafasi za soprano zenye zinaomba ile kitu hasa: mwanamke mwenye giza chini na mwanga juu, na ngazi ya kutoka huku mpaka kule isiwe na tundu.

Kama uko na mega kidogo, tafuta wimbo wa Leonora ndani ya sehemu ya ine ya Il trovatore, "D'amor sull'ali rosee." Mwanamke amesimama usiku nje ya mnara wenye mpenzi wake amefungwa. Hakuna mambo mengi ya kutenda pale. Anatuma sauti yake ipite ukuta, basi. Waimbaji wengi wanaufanya kuwa mtihani wa ufundi, unasikia wanahesabu. Price anaufanya kuwa pumzi moja ndefu. Sikiliza vile anaingia kwenye noti ya juu bila kuigonga, na vile anaipunguza bila kuiacha ianguke. Diski ya 1969, Zubin Mehta akiongoza, na Plácido Domingo, Sherrill Milnes na Fiorenza Cossotto pembeni, iko nzuri sana. Lakini kwa wimbo ule peke yake, ningeanza na sauti yake ya miaka ya mwanzo, zile diski za 1959 na 1960, wakati ule ukungu wa chini ulikuwa bado mwepesi.

Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa pili 1927 huko Laurel, Mississippi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, mama alikuwa mkunga na aliimba kwenye korale ya kanisa. Wazazi walitoa gramofoni ya nyumba kama malipo ya kwanza ya piano. Na wakati alikuwa na miaka tisa mama yake alimupeleka mpaka mji wa Jackson kumusikia Marian Anderson. Akasoma Ohio kusudi awe mwalimu wa muziki. Ndiyo, mwalimu, alitafuta diploma yenye inalisha mutu, sawa wengi wetu. Walimu wake njo waliona kitu kingine. Paul Robeson alifanya konserti ya kumusaidia apate feza ya masomo, na familia moja ya wazungu matajiri ya Laurel, akina Chisholm, yenye shangazi yake aliifanyia kazi ya nyumbani, ikasaidia pia. Akaingia Juilliard, New York, akakutana na mwalimu Florence Page Kimball.

Ule upande wa Chisholm munaweza kuusoma namna mbili, na wote wawili uko kweli. Kuko ukarimu, na kuko pia nchi yenye binti wa watu weusi anahitaji ukarimu wa nyumba yenye shangazi yake anafua nguo. Siongezi.

Mwaka 1952 akaimba Bess ndani ya Porgy and Bess ya Gershwin, Marekani kiisha Ulaya: Vienna, Berlin, London, Paris. Watu walipenda. Pale njo hatari ya kwanza ilikuwa. Kuko waimbaji weusi wenye nafasi ile iliwafunga: kila mkurugenzi wa teatri anakukumbuka kwa Bess, anakuita kwa Bess, miaka kumi inapita. Price aliitumia kama barabara akashuka. Mwezi wa kumi 1953 akaimba Hermit Songs za Samuel Barber, mutunzi mwenyewe kwenye piano, pale Library of Congress, Washington: maneno ya watawa wa zamani wa Ireland, muziki mdogo, mkavu, wa akili. Fikiria ile ruka! Kutoka mtaa wa Catfish Row mpaka chumba cha mtawa, ndani ya muda mufupi hivi.

Mwanzo wa 1955 televisheni ya NBC ikamupa Tosca. Vituo kadhaa vya Kusini vikakataa kurusha ile programu, juu mwanamke mweusi alikuwa anapendwa na mwanaume mweupe mbele ya kamera. Hapa hapana ilisemwa na wengine, si yeye. Namna ya kujibu ilikuwa kwenda kuimba kwengine: San Francisco 1957, Vienna na Covent Garden 1958, La Scala ya Milano 1960 kama Aida. Herbert von Karajan alimufungulia Vienna na akamushika karibu miaka mingi.

Sasa ile hapana kubwa. Rudolf Bing, mkurugenzi wa Met, alimuita mbele ya 1961, aje kuimba Aida mara mbili. Mutoto wa Mississippi, Met inamuita! Akakataa. Peter Herman Adler, mwenye aliongoza opera ya NBC, alikuwa kati ya wale walimushauri: asiingie pale mara ya kwanza kama mtumwa, na asiingie na nafasi moja tu mkononi. Juu Aida ni nani? Ni binti wa mfalme wa Ethiopia mwenye ametekwa na Wamisri, anatumikia ndani ya nyumba ya binti wa Farao. Opera ilionyeshwa mara ya kwanza Kairo 1871. Kwa mwimbaji mweusi wakati ule, nafasi ile ilikuwa mtego wenye sura ya heshima: rangi inafaa, hakuna mutu atalalamika, kiisha tunakushukuru, kwaheri.

Aliporudi 1961, alirudi kama Leonora, mwanamke wa heshima wa nyumba ya kifalme ya Uhispania, mwenye hakuna mutu anamutazamia awe mweusi. Usiku ule Franco Corelli alikuwa pia anaanza Met. Vitabu vinasema makofi yalidumu dakika 42. Mimi ni mgumu kuamini kila dakika, lakini ata ukiondoa nusu bado inabaki kitu cha kushangaza. Na ndani ya msimu uleule akaimba nafasi tano: Leonora, Aida, Butterfly, Donna Anna wa Mozart, Liù wa Turandot. Hapa njo mushauri Adler anaonekana alikuwa na haki. Aida ilikuwemo, ndiyo, lakini kama nafasi moja kati ya tano. Haikuwa kadi ya kuingilia.

Mwezi wa kumi mwaka uleule akafungua msimu wa Met, mweusi wa kwanza kufanya ile (hapa neno "kwanza" iko mahali pake), na La fanciulla del West ya Puccini. Msimu wenyewe nusura ufe juu ya mgogoro na wapiga vyombo. Waziri wa kazi Arthur Goldberg aliingilia. Nafasi ya Minnie ni nzito, orkestra inasukuma kama mto. Kwenye onyesho la pili sauti ikakatika katikati. Akamaliza sehemu ya pili akisema maneno badala ya kuimba, na Dorothy Kirsten akaja kuimba ya tatu. Kiisha majuma ya mapumziko alirudi, lakini Minnie haikuwa kamwe nyumba yake.

Ile usiku naiona kuwa ya maana kuliko zile dakika 42. Kuko waimbaji wakubwa wenye sauti ilikatika siku moja na wakaendelea kuisukuma mpaka ikapasuka kabisa. Yeye alisoma ule ujumbe. Baada ya pale unaona orodha yake inakuwa fupi na inakaa mahali pamoja: Verdi, Mozart, Puccini kidogo, Strauss mwishoni. Miaka ya 1970 akapunguza opera, akaongeza konserti na piano peke yake. Watu wakasema anaogopa. Labda. Lakini fanya hesabu: mwaka 1985 bado anaimba Aida kwenye Met akiwa karibu na miaka 58, umri uleule Marian Anderson alikuwa nao wakati walimufungulia mlango. Mmoja alipewa mwanzo pale mwingine alichagua mwisho. Minaona ni haki kuandika majina yao wawili ndani ya sentensi moja kwa namna ile, kuliko kugombanisha nani alikuwa wa kwanza.

Sasa, kusifu bila kusema makosa ni tangazo. Makosa iko. Ile sehemu ya chini, yenye niliita moshi, miaka inapita inakuwa mchanga. Kwenye diski za mwishomwisho unasikia pengo kati ya sauti ya kifua na ile ya katikati, sawa gari linabadilisha vitesi vibaya. Alikuwa na tabia ya kuteleza kwenye noti kutoka chini, na siku ingine anateleza paleple mutunzi hakuomba. Kwa kutenda, hakukuwa mwepesi: anasimama, anafungua mikono, anaimba. Wale wanapenda Maria Callas, mwenye anaweza kukuua na silabi moja, watakuambia kwamba Price anakupa uzuri wakati unaomba kisu. Hawana uongo mtupu. Carmen yake ya 1963 na Karajan watu wanaisifu, mimi inanichosha. Ile nafasi hakuiimba kwenye jukwaa, na inasikika: iko na moshi wa kutosha lakini Carmen yule anajiheshimu sana, hawezi kukuibia ata mufuko. Tosca yake ya 1962, na Karajan yuleyule, ni kitu kingine kabisa. Miles Davis, mwanajazi, anasimulia ndani ya kitabu cha maisha yake kwamba alichakaza seti mbili za ile diski. Ukijua Miles alikuwa mgumu wa kusifu namna gani, ile si neno dogo.

Kuko pia Cleopatra, na hapa nasimama kidogo juu watu wanamubebesha kosa lenye si lake. Tarehe 16 mwezi wa tisa 1966 Met ilihamia nyumba mpya pale Lincoln Center, na ikafungua na opera mpya ya Barber, Antony and Cleopatra. Barber aliandika ile nafasi akiwa na sauti ya Price kichwani. Walishafahamiana miaka 13. Franco Zeffirelli akaijaza jukwaa na kila kitu mutu anaweza kufikiri: watu wengi, wanyama, piramidi, mavazi mazito. Mashine ya kuzungusha jukwaa ikaharibika. Wakati wa mazoezi Price alifungiwa ndani ya piramidi, haifunguki. Wakosoaji wakaponda kila kitu, na Barber, mwenye alikuwa mutunzi wa kuheshimiwa, akavunjika moyo kabisa.

Kwa kawaida mwimbaji anakimbia kazi yenye kushindwa hivi. Yeye alichukua sehemu mbili za Cleopatra, akaziimba kwenye konserti, akaziweka kwenye diski 1968, Thomas Schippers akiongoza. Sikiliza ile. Bila piramidi, bila ngamia, unasikia muziki wenye ulikuwa umezikwa: mwanamke anachagua kifo chake kwa utulivu, na orkestra inamushika polepole. Ni moja ya kazi zake bora, na karibu hakuna mutu anaiweka juu ya picha yake na moyo. Ni hapa pia unaona ile hapana yake haikuwa woga wa hatari. Alijua kutofautisha kazi mbaya na kazi nzuri iliyoonyeshwa vibaya.

Na feza? Herb Caen, mwandishi wa gazeti la San Francisco, aliandika kwamba 1981, wakati Price aliitwa haraka kuimba Aida pamoja na Luciano Pavarotti, aliomba alipwe dola moja zaidi ya yule tenori. Naiweka hapa vile inasimuliwa. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini wale kati yetu wenye wanaandika CV na kukubali bei yoyote juu ya "kupata uzoefu" wanaweza kuisoma mara mbili.

Inabaki Aida. Yeye alikataa kuingia na Aida, na ni yeye alichagua kutoka nayo, tarehe 3 mwezi wa kwanza 1985, televisheni ikirusha moja kwa moja. Kama munataka kusikia ile nafasi ikiwa na afya yote, diski ya 1961 iliyofanywa Roma na Georg Solti iko: sauti ni changa, orkestra ni kali, anapita juu yake bila kutoka jasho. Ile ya 1970 na Erich Leinsdorf iko na giza zaidi, na mimi naipenda kuliko watu wengi wanavyoipenda, juu pale unasikia mwanamke mwenye ameshakuwa mtumwa miaka mingi, si wa jana. Lakini video ya 1985 ni kitu cha peke yake.

Uko kwenye sehemu ya tatu, usiku, kando ya mto Nile. Aida anamungojea Radamès na anaimba "O patria mia," anaaga nchi yake yenye hataiona tena. Ni wimbo wenye unaogopwa na kila soprano, juu mbele ya mwisho unapanda polepole mpaka do ya juu, na Verdi anaomba ile noti iimbwe kwa upole, pale mwili wote unakuambia usukume. Price ya 1985 si ile ya 1961. Chini kuko mchanga, katikati kuko mahali anapita haraka kusudi asishikwe. Kiisha anapanda, na ile do inatoka, nzima, na mwanga wake wote. Miaka yote ya kuchunga, ile orodha fupi, zile simu alijibu hapana, unaisikia ndani ya noti moja.

Makofi yanaanza na hayaishi. Anajaribu kubaki Aida. Mikono iko vile ilikuwa, hainami, hashukuru. Lakini uso unamusaliti, macho yanajaa, kinywa kinatetemeka kidogo. Dakika zinapita. Ukumbi unajua, na yeye anajua kwamba wanajua. Kiisha orkestra inaanza tena, juu Amonasro, baba yake Aida, anapaswa kuingia, na kuko bado duwo ndefu ya kuimba.